Safari ya London: hesabu ya gari haiishii kwenye mafuta

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita iliwashauri wageni wanaokuja Uingereza kwamba wakiwa wanne, kwenda London kwa gari la mwenyeji wao ni nafuu kuliko treni au basi. Naomba nafasi nipinge. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Birmingham, na kazi yangu ni kuendesha basi la mjini. Ndugu zetu wengi wa huku hushika njia ya London kwa ajili ya pasipoti, maana Ubalozi wetu uko kule Stratford Place, katikati kabisa ya jiji.

Kutoka hapa hadi London ni kama kilomita 190. Mkichangiana mafuta watu wanne, gari kweli ni nafuu, lakini unafuu huo unaishia mnapoingia jijini. Kuna tozo ya kuingia katikati ya London, ambayo tangu Januari 2026 ni paundi 18 kwa siku. Siku za kazi inaanza saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi na Jumapili inaanza saa sita mchana. Halafu ipo tozo ya pili, ya moshi, paundi 12.50 kwa gari la zamani. Hiyo haina usiku wala mchana, na tangu Agosti 2023 inahusu wilaya zote za London, hata uwanja wa ndege wa Heathrow umo ndani. Gari la dizeli la kabla ya Septemba 2015, kwa kawaida, linaangukia humo. Maegesho sijayataja bado.

Tena hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha. Kamera inasoma namba, basi. Jirani yangu alimpeleka mama mkwe wake Ubalozini, akalipa tozo ya kwanza akidhani amemaliza. Baadaye bahasha ikaingia mlangoni, ndani yake picha ya gari lake na faini ya paundi 180, nusu yake ukiwahi kulipa ndani ya siku 14. Mama mkwe alikuwa amesharudi Muheza na hajui lolote mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma katika ushauri wenu: mgeni anashukuru kwa lifti, mwenyeji anabaki na deni, na kwa mila zetu hawezi kulitaja.

Anayesafiri peke yake, mimi namwambia apande treni. Wengi wanaijua ile ya kutoka stesheni ya New Street hapa Birmingham kwenda stesheni ya Euston, London, ya saa moja na dakika ishirini hivi. Ni ya haraka, lakini ukinunua tikiti siku hiyohiyo, tena asubuhi watu wanapokwenda kazini, utalia. Ipo nyingine inayoondoka Moor Street, stesheni nyingine ya hapahapa, hadi Marylebone, nayo ni ya London. Inachukua karibu saa mbili, mara nyingi bei yake ni ya chini, na ukishuka Marylebone unatembea kwa miguu kama dakika ishirini mpaka Ubalozini, bila kuhangaika na treni za chini ya ardhi. Ajabu ni kwamba wengi wetu hatuitumii. Tahadhari ni moja: tikiti ya bei ya chini inayokatwa mapema ni ya treni ileile uliyoichagua. Ya kwenda, ikate. Ya kurudi, usijifunge na saa, kwa sababu hujui foleni ya Ubalozini itakuachia lini.

Mama mwenye watoto na masanduku, au mzee asiyeweza kukimbizana na ngazi za stesheni, nampa basi la masafa marefu. Ni kama saa tatu hadi stendi ya Victoria, na barabara ya M1 ikifunga huwa zaidi ya hapo, sikatai. Lakini mzigo unaingia tumboni mwa basi, kila mtu ana kiti chake, hakuna kubadilisha njiani, na nauli mara nyingi haifiki nusu ya treni. Yapo pia mabasi ya moja kwa moja kutoka Heathrow hadi Birmingham, hata usiku. Mgeni anayetua alfajiri hana sababu ya kumtoa mwenyeji wake kitandani.

Aliye na lazima ya gari aliache nje ya London. Beaconsfield, kando ya barabara ya M40, kuna maegesho stesheni, na treni za hapo zinakwenda Marylebone hiyohiyo.

Nakubaliana na mwandishi wenu kwa siku moja tu katika mwaka, tarehe 25 Desemba. Siku hiyo treni za kwenda London hazitembei, tozo ya katikati ya jiji haitozwi mpaka Mwaka Mpya upite, na ile ya moshi nayo inapumzika kwa siku hiyo. Wageni wa Krismasi wapakieni garini, ila mjue kwamba Ubalozi umefungwa, na tarehe 26 tozo ya moshi inarudi.

Dereva wa basi,
Birmingham, Uingereza