Rebuscar si "kutafuta tena"

Mhariri,

Nimefurahi kuona ukurasa wenu wa utamaduni ukizungumzia falsafa ya skeptiki, yaani wale ambao kwa kawaida huitwa wenye shaka, na makala yenyewe nimeisoma mara mbili. Lakini sentensi ya Miguel de Unamuno, mwandishi na mwanafalsafa wa Uhispania, imeniuma. Kwa Kihispania, Unamuno anasema skeptiki si mtu anayetia shaka, bali ni yule ambaye "investiga o rebusca", tofauti na anayekata kauli akiamini keshapata. Mwandishi wenu ametafsiri: "anayechunguza au kutafuta tena."

Hilo "tena" ndilo linaloharibu. Buscar ni kutafuta, kweli, lakini kiambishi re- katika rebuscar hapa hakihesabu mara ya pili, kinatia mkazo. Ni kutafuta kwa kufunua kila kitu. Tena kitenzi hiki kina maana ya shambani, iliyomo kwenye kamusi za Kihispania hadi leo: kuokota zabibu au mazao mengine yaliyobaki baada ya mavuno. Kuokota masazo, kama Ruthu katika konde la Boazi.

Ukiijua maana hiyo, sentensi nzima inafunguka. Anayeamini keshapata ndiye mvunaji: kafunga magunia, kapeleka nyumbani, kwake shamba limekwisha. Skeptiki anaingia nyuma yake. Utotoni nilimfuata bibi yangu kwenye mashamba ya mpunga, bonde la Kilombero, wavunaji wakishaondoka. Alitenga mabua kwa mkono wa kushoto, polepole, na chini ya majani yaliyolala mlikuwa na suke zima ambalo mundu uliliruka. Jioni ungo ulijaa. Bibi hakubisha kwamba watu wamevuna. Alichokataa ni kwamba wamemaliza.

Hata investigar kina udongo ndani yake. Asili yake ni Kilatini, vestigium, yaani wayo: ni kufuata nyayo. Kwa hiyo vitenzi vyote viwili vinamwonyesha mtu aliyeinama, macho ardhini.

"Kuokota masazo" kwenyewe nisingekuweka katika tafsiri, maana msomaji ataona umaskini kabla hajaiona fikra. "Kudadisi" ni kazi ya mdomo. "Kutafutatafuta" ni kupapasa. Mimi ningeandika "kupekua". Najua siku hizi neno hili tumewaachia polisi wanaoingia majumbani, lakini ni la kuku pia, anayeparua ardhi kwa kucha hadi punje itokee. "Anayefuatilia na kupekua": hapo Mswahili anaona mtu kazini.

Makala ikichapwa upya, naomba sentensi hiyo ibadilishwe. Na kile kichwa chenu, "Wenye shaka", nacho kiangaliwe. Neno la Kigiriki skeptikos limetokana na kitenzi cha kutazama kwa makini, na Unamuno aliiandika sentensi yake kuwakumbusha wasomaji jambo hilohilo.

Msomaji wenu,
Ifakara