Wiki ya mwisho ni Paje, naomba majibu leo

Salaam aleikum wapendwa. Ile wiki ya mwisho ya safari yetu, baada ya Zambia na Malawi, tumebadilisha, sio Nungwi tena ni Paje, huko huko Zanzibar, manake miezi miwili na mabegi mgongoni na mabasi ya usiku tutakuwa tumechoka kweli, na pale maji yakipwa unatembea mchangani hadi kwenye mwani wa kina mama.

1. Vyumba ni 7,500 kila mtu siku saba, tuma kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa usiku.
2. Jumamosi saa kumi jioni Mama Ngina, pale kwenye mihogo ya kukaanga, mje na pasipoti tuangalie tarehe.

Kurudi ni boti hadi Dar, halafu basi kupitia Lunga Lunga.

Andika NIPO au SIPO leo tafadhali, mwenye nyumba anangoja idadi.