Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Pesa zangu zilikuwa wapi siku boti ilipozuiwa?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utalii,
Serikali ya Mapinduzi Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mpemba wa Mkoani niliyeolewa Unguja. Leo siku ya tatu naiandika barua hii na kuifuta, kwa sababu kila nikiianza inageuka ugomvi na kijana mmoja wa kaunta, na ugomvi ule ulishakwisha. Ninalokuandikia ni jambo jengine, pesa za msafiri pale safari yake inapozuiwa, nalo liko katika mikono ya wizara yako.

Mwaka jana, mapumziko ya Idd kubwa, niliamua kuwapeleka Pemba wajukuu zangu wanne pamoja na mdogo wangu aliyekuja kutoka Dar. Si kwenda kuamkia jamaa tu. Kutembea khasa, kama wanavyotembea wageni. Kidike kuwaona popo, msitu wa Ngezi, Vumawimbi kuoga, Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume. Watoto hawa wamezaliwa mjini. Pemba wanaijua kwa harufu ya karafuu na kwa hadithi zangu, ambazo wameshazichoka.

Kampuni moja ya safari ilikuwa ikitangaza kwa WhatsApp: boti kwenda na kurudi, gari, chakula, na nyumba ya wageni Chake Chake siku tatu, Sh 180,000 kwa kichwa. Tulikuwa watu sita, jumla Sh 1,080,000. Nililipa kwa mafungu matatu kwa simu, na fungu la nne, la mwisho, nikapeleka mwenyewe ofisini kwao nikapewa risiti.

Asubuhi ya safari tulifika bandarini Malindi hata jua halijatoka. Kusi lilikuwa limeshika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na baada ya saa nzima ya kukaa juu ya mabegi tukatangaziwa kuwa boti ya Pemba haiondoki.

Uamuzi ule sina neno nao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai mwaka uliofuata ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Nilikuwa bado nafundisha, na najua darasa linavyokuwa baada ya msiba kama ule, mwalimu anaita majina na majina mengine hayaitiki. Boti ikizuiwa kwa upepo, mimi ni wa mwanzo kusema alhamdulillah.

Kwenye benchi la pili yetu walikaa mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe, nao safari yao ni Pemba. Mtembezaji wao alipiga simu mbili, akawaambia gari inakuja, wanarudishwa hotelini, chumba kipo, na keshokutwa watapandishwa ndege. Bibi yule akafungua kitabu chake akaendelea kusoma. Namkumbuka kwa utulivu ule. Mimi nilikuwa na wajukuu wanaolia na risiti.

Jioni nilimuuliza mtoto wa dada yangu, ambaye naye hutembeza watalii, wale wazee walikuwa na nini ambacho mimi sina. Akanieleza. Nchi za Umoja wa Ulaya zina agizo la mwaka 2015 juu ya safari zinazouzwa kwa pamoja, yaani usafiri na malazi katika bei moja. Kampuni ikiivunja safari, mteja anarudishiwa pesa zake ndani ya siku 14. Mteja akishindwa kurudi kwao kwa jambo lisiloepukika, kampuni inamlipia malazi mpaka siku tatu. Na kampuni yenyewe ikifilisika, pesa za wateja lazima ziwe zimewekewa kinga mahali. Uingereza wana mpango wao wa namna hiyo tokea 1973, na tarehe 23 Septemba 2019, kampuni kubwa ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka usiku mmoja, Waingereza kiasi 150,000 waliokuwa nje walirudishwa kwao bila kuombwa nauli ya pili.

Hata hapa kwetu, Mheshimiwa, mgeni kafikiriwa. Tokea tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anakata bima, kwa mtu mzima dola 44, kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Sioni wivu, ni jambo zuri. Ila msafiri wa Kizanzibari anayekwenda kutembea katika kisiwa chake mwenyewe, akiwa amelipa kampuni yenye leseni, ana nini mkononi?

Nilikwenda ofisini kwao siku ile ile. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, hakunivunjia heshima. Alinambia, “Bibi, hii kazi ya Mungu, kampuni haina kosa, pesa hazirudi, imeandikwa kwenye risiti.” Na kweli imeandikwa. Nyuma, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mwalimu aliyefundisha miaka 34, na miwani yake, alilazimika kutoka nje kwenye jua kuzisoma.

Upepo ni kazi ya Mungu. Pesa kubakia kwenye droo ni kazi ya nani?

Basi nikaanza kuzitafuta, kama ninavyomtafuta mwanafunzi mtoro, nyumba kwa nyumba. Kwanza wenye boti. Wakanambia tiketi za safari iliyozuiwa hubadilishwa siku au hurudishwa pesa, lakini kwa aliyezinunua, na hizi zimenunuliwa kwa jina la kampuni. Nikampigia mama wa nyumba ya wageni Chake Chake. “Mwalimu,” akasema, “mimi sijapokea hata senti. Walinipigia tu niweke vyumba vitatu, malipo wageni wakishafika.” Tena kwa ajili yetu alikwishawakatalia wageni wengine. Dereva naye hakuwa amepewa hata ya mafuta.

Hapo ndipo nilipofahamu. Tiketi za boti zinarudishiwa pesa, chumba hakikulipwa, gari haikulipwa. Safari nzima ilikuwa bado imo katika droo ya kampuni. Hasara ya upepo ule tuliibeba watu wawili, mimi na yule mama wa Chake, na aliyekaa katikati yetu hakupungukiwa na kitu.

Wazee wetu walikuwa na arbuni, yaani malipo ya kutangulia, na bado tunayo. Ukitaka kitanda kwa fundi seremala unatoa arbuni, fundi ananunua mbao, ukighairi imekwenda, hulalamiki. Hiyo ni haki, kwa sababu aliyeghairi ni wewe na mbao zimeshakatwa. Mimi sikughairi. Nilikuwa Malindi na mabegi sita na chupa ya chai. Na mbao hazijakatwa. Tena fundi gani anachukua arbuni ya kitanda kizima?

Nilizidai wiki tisa. Niliandika barua nakala mbili, moja nikataka igongwe muhuri wao, na nilikwenda na shahidi kutoka kwa sheha. Ujumbe wa malipo wa kwenye simu niliutoa karatasi yote mitatu. Mwisho nilirudishiwa Sh 600,000 kwa mikupuo miwili, zilizobaki nikaambiwa nizitumie kwa safari nyengine, kwa bei ya siku hiyo. Bado wanazo. Katikati ya wiki hizo niliingia ofisi moja ya serikali, nikaelekezwa ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza. Ofisa wa mwisho aliniuliza kwa mshangao wa kweli, “Lakini mwalimu, wewe ni mtalii?”

Hili ndilo ninalokuomba ulijibu, Mheshimiwa. Nadhani ndiyo, mimi ni mtalii.

Siombi sheria mpya. Sheria ya Utalii ya 2009 imeipa Tume ya Utalii kazi ya kutoa leseni kwa kampuni hizi, na tokea 2018 tunayo sheria ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji. Leseni ina masharti. Naomba mawili matatu yaongezwe humo, na yawe ya kila msafiri, mwenyeji na mgeni.

Kampuni inayouza safari ya pamoja ichukue arbuni tu, sehemu ndogo inayojulikana, na zilizobaki zilipwe siku ya kuondoka, boti ikiwa inaondoka kweli. Nimelifikiria sana hili, nikaliona bora kuliko kuitaka kampuni iweke dhamana ya benki. Dhamana kubwa wataiweza wakubwa peke yao, na vijana wetu wenye gari moja na simu moja watafunga. Nawajua, wengine nimewafundisha. Wengi wao si wezi; pesa za msafiri wa Idd hii zinalipa deni la msafiri wa Idd iliyopita, na siku boti inapozuiwa mnyororo wote unakatika. Wakishika kidogo, na deni litakuwa dogo.

Risiti iwe kwa Kiswahili, na iseme nauli ni kiasi gani, malazi kiasi gani, gari kiasi gani, na ada ya kampuni yenyewe ni ipi. Safari isipokuwepo kwa upepo, ada ile nitawaachia, wamefanya kazi ya kupiga simu. Nauli na malazi yarudi, na siku za kurudi ziandikwe kwa tarakimu. Tiketi ya boti iwe na jina langu, ili nikisimama mbele ya dirisha la wenye boti nisiambiwe mwenyewe ni mwengine.

Na Malindi pawe na mtu. Meza moja, kiti kimoja, khasa miezi ya kusi na siku za Idd ambapo nusu ya Pemba iliyoko Unguja inarudi kwao. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti za Dar na Unguja zilisimama, na siku kama zile msafiri anahitaji wa kumuuliza kabla hajarudi nyumbani na risiti yake. Nafikiria pia wanaokwenda Umra kupitia mawakala. Kwao fedha ni nyingi mara kadhaa kuliko zangu, na mtu anaona haya kudai pesa za ibada.

Jina la kampuni silitaji hapa, wala sikukuandikia ili ifungiwe. Risiti ninayo, nyuma na mbele, pamoja na nakala ya barua yenye muhuri wao. Ofisi yako ikizitaka, nazileta mwenyewe siku yoyote isiyokuwa Ijumaa.

Wajukuu wameniuliza tena kuhusu popo wa Kidike. Nimewaambia tutakwenda kaskazi, na tiketi nitakata mwenyewe dirishani.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Mwanakwerekwe, Unguja.