Mjomba, wale hawakuwa waoga

Mjomba, shikamoo.

Siku ya Idd, pale barazani kwa bibi, nilikuwa nawasimulia watoto habari za nyambizi ya Kijerumani iliyosalimu amri mbele ya ndege. Ukanikata kauli kwa neno moja: "Waoga." Watoto wakacheka, sinia la biriani likaingia, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikukujibu, kwa heshima yako na ya siku ile. Lakini neno lile nimelala nalo na kuamka nalo, na kwa kuwa si wewe peke yako unayelisema, nakujibu hapa mbele ya watu.

Nyambizi ile ni U-570. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita, na wengi wa mabaharia wake hawakuwahi kuonja vita. Mawimbi ya kusini mwa Iceland yaliwalaza kwa kutapika. Tarehe 27 Agosti 1941 nahodha wao, Hans-Joachim Rahmlow, aliiibua juu, kumbe ndege ya Waingereza ilikuwa papo hapo. Mabomu manne yakalipuka kandokando yake. Taa zikazimika, maji yakaingia, wakaanza kunusa klorini, ile gesi inayotoka maji ya chumvi yakifika kwenye betri. Wakatoka juu, wakapunga kitambaa cheupe. Mashine yao ya kuandikia ujumbe wa siri, Enigma, waliwahi kuitupa baharini. Chombo chenyewe hawakukizamisha, na siku iliyofuata Waingereza wakaanza kukivuta kuelekea pwani ya Iceland.

Sasa ukiwaita hao waoga, itabidi umwite hivyo pia nahodha Rupert Lonsdale wa nyambizi ya Kiingereza, Seal. Hapo ndipo naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu habari yake ni ya hewa, na hewa wewe unaijua. Ulinisimulia mwenyewe, mwaka niliomaliza darasa la saba, siku moshi ulipojaa chumba cha injini melini mwenu. Ulisema uliuona mlango wazi mbele yako, ukataka kwenda, miguu ikakataa. Ulisema hukuogopa hata kidogo. Akili ilikuwa imepoa tu, kama mtu anayesinzia. Ni mwenzako aliyekuvuta kwa ukosi wa shati.

Seal ilitumwa kutega mabomu katika mlango wa bahari wa Kattegat, kati ya Denmark na Sweden. Tarehe 4 Mei 1940 walimaliza kazi, wakawa wanarudi. Jioni ile bomu la adui likailipua upande wa tezi, yaani nyuma. Tezi ikajaa maji, ikazama kwenye matope, omo, yaani mbele, ikabaki imeinuka. Ndani walikuwamo watu 60 hivi, wamekaa kwenye mteremko, na hewa ni ileile waliyokuwa wanaivuta tangu asubuhi. Wakajaribu kuibua mara ya kwanza, ikakataa. Wakaufungua uzito wa mkuku, ule uti wa chini wa chombo, tani 11, ukaanguka chini, bado ikakataa. Saa zikapita. Watu wakawa wanahema kama mbwa juani, vichwa vinapasuka, wengine hawawezi tena kusimama. Lonsdale, mtu wa dini sana, akawaombea dua kwa sauti. Kisha akawaambia wenye nguvu watambae kuipanda ile sakafu kuelekea omo, ili uzito wa miili yao usaidie kuivunja ile nguvu ya matope. Mjomba, nawaza mtu aliyekwisha kukosa pumzi anatambaa kupanda mlima wa chuma gizani. Wakaifungulia tezi hewa yote iliyosalia, na yapata saa saba usiku, Seal ikaibuka.

Walipotoka juu usukani haukufanya kazi, haikuweza kuzama tena, na mashine zikawagomea. Walijaribu kuelekea Sweden, nchi isiyopigana. Palipopambazuka zikaja ndege za Wajerumani. Lonsdale alishika bunduki ya rashasha kwa mikono yake, akapiga mpaka ikakwama. Mabaharia wake walikuwa wanajeruhiwa. Hapo ndipo kitambaa cha meza, kile cheupe walichokuwa wanalia chakula maofisa, kikapandishwa. Aliamini kuwa Seal ingezama yenyewe. Haikuzama, Wajerumani wakaikokota hadi Frederikshavn, Denmark.

Najua utakalosema: kazi ya nahodha ilikuwa kuizamisha. Hilo silikatai. Wajerumani walijifunza mengi kwenye torpedo za Seal, yale makombora yaendayo majini. Nao Waingereza waliikagua U-570, wakakuta madhara yake si makubwa kama mabaharia wake walivyodhani, wakaitengeneza, wakaibatiza HMS Graph na kuipeleka vitani dhidi ya Wajerumani. Hasara ilikuwepo, tena kubwa. Lakini kukosea ni jambo moja, na woga ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyekosa hewa hapimi mambo kama sisi tunaopunga upepo barazani.

Tazama basi jinsi kila upande ulivyowahukumu watu wake. Lonsdale alikaa kifungoni mpaka vita vikaisha, akarudi, na Aprili 1946 akasimama mbele ya mahakama ya kijeshi ya wanamaji. Akaulizwa, akajibu, akaachiwa kwa heshima zote. Baadaye akawa kasisi, akafariki mwaka 1999.

Wa U-570 walihukumiwa na wenzao kambini. Bernhard Berndt, msaidizi wa Rahmlow, alipelekwa Grizedale Hall, jumba la kaskazini magharibi mwa Uingereza walipofungwa maofisa wa Kijerumani. Maofisa hao wakaunda baraza lao la siri, wakamkuta na hatia ya woga. U-570 wakati huo ilikuwa bandarini Barrow-in-Furness, si mbali na hapo, basi ikawa kwamba atoroke kambini, akaizamishe, asafishe jina. Alitoroka kweli. Mgambo wakamkamata, akajaribu kuwakimbia, wakampiga risasi, akafa. Rahmlow alipofika baadaye wenzake walimtenga, mpaka Waingereza wakamhamishia kambi ya wafungwa wa jeshi la anga.

Na aliyeongoza baraza lile alikuwa nani? Otto Kretschmer, nahodha aliyesifiwa kuliko wote Ujerumani. Machi 1941 nyambizi yake mwenyewe, U-99, ilipopigwa ikaibuka hoi, alimulika taa kuiomba manowari ya Kiingereza iwaokoe watu wake. Watatu walipotea, 40 wakaokolewa, naye akiwemo. Mimi simlaumu, alifanya la kiungwana. Lakini U-99 ilizama, U-570 ikaelea. Nimelipindua jambo hili kila upande, na tofauti kubwa ninayoiona kati ya shujaa na mwoga pale kambini ni kwamba chuma cha mmoja kilikwenda chini. Kwa hilo kijana akatumwa kifoni.

Bibi amenipigia, anasema Ijumaa utakuwepo. Nitakuja na mchoro wa Seal, unaoonyesha betri zilipo, mitungi ya hewa, na vyumba vilivyojaa maji. Watoto nimewaambia wakae. Nataka uwaonyeshe kwa kidole, kama fundi, mtu aliyekuwa mle alibakiwa na nini cha kufanya saa sita usiku. Kisha uwasimulie ile ya mlango wa chumba cha injini, na miguu iliyokataa.