Saa moja jioni ndipo mafuta hushika moto

Kwa Mhariri,

Kila Ramadhani ikikaribia, hapa Langoni, Amu (Lamu), watu hukumbushana mfungo wa 2020. Wanaume huzungumzia misikiti iliyofungwa na tarawehe za nyumbani. Mimi hukumbuka karai la mama likiwa limesukumwa chini ya kitanda.

Mama ni mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga. Hununua samaki mashua zikifika, akawapaa, akawatia chumvi na ndimu, kisha jioni hukaa barazani na jiko lake. Wateja hawaji mchana. Huja baada ya magharibi, na siku za kawaida karai huteremshwa saa nne. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 ilitaka kila mtu awe ndani saa moja jioni. Mfungo ule magharibi kwetu iliingia kama saa kumi na mbili na robo. Hebu piga hesabu ya dakika alizobakiwa nazo. Jirani zetu wa viazi karai, wa mishikaki, wa mkate wa mofa, hali ilikuwa hiyo hiyo, na karibu wote ni wanawake, wengine wajane.

Sisemi kafyu haikuwa na sababu. Korona ilikuwapo na watu walikufa. Nauliza tu ni nani waliokuwapo saa hiyo ilipochaguliwa. Juni ilisogezwa hadi saa tatu usiku, Septemba hadi saa tano. Kumbe ilikuwa ikizungumzika.

Nafuu nayo ilikuja na macho yake. Aprili 2020 serikali iliwaondolea kodi ya mapato wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Vizuri, lakini mama hana hati ya mshahara, hajawahi kuwa nayo. Ikaja Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua, kwa vijana wa miaka 18 hadi 35. Mama alikuwa na 52. Alipoambiwa ushuru wa VAT umeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14, aliniuliza, "Na mkopo wa samaki wa Machi umeshuka ngapi?"

Na kuna la wifi yangu, aliyeshikwa na uchungu usiku kisiwani Pate. Amri iliruhusu mgonjwa kutoka, lakini nahodha aliogopa: akisimamishwa baharini amwambie nani? Alfajiri ndipo walipong'oa nanga. Mtoto yu hai, alhamdulillahi, na ni mtundu ajabu. Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki alipoona wajawazito wamekwama kwa kafyu, alianzisha mpango wa kuwapelekea magari bure. Mtu aliyewazalisha wanawake alijua mara moja shida iko wapi. Sisi wa visiwani gari lingetufaa nini. Tulihitaji boti, na mtu wa kusema hivyo mapema.

Umoja wa Mataifa ulipochunguza kamati za serikali za kupambana na korona duniani, uliona wanawake ni asilimia 24 tu ya wajumbe. Hapa Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 27, yataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Lakini nitasema jambo ambalo huenda wenzangu wasilipende: kujaza theluthi kwa mabibi wa ofisini hakutoshi. Mwenye mshahara, awe mke au mume, saa kumi na moja jioni yuko njiani kwenda nyumbani. Kwake saa moja si saa ya kazi.

Magonjwa hayajaisha. Mpox iligunduliwa Taita Taveta Julai 2024, na mafuriko twayajua. Naiomba kaunti yetu, kila inapounda kamati ya dharura, itangaze majina ya wajumbe hadharani, na wawemo mama karanga mmoja, mkunga mmoja kutoka visiwani na mwanamke mmoja asiye na hati ya mshahara. Na fungu la kuwainua wafanyabiashara lisidai leseni na akaunti ya benki kwa mtu ambaye duka lake ni baraza na jiko.

Nilimsomea mama barua hii kabla ya kuituma. Amesema akiitwa atakwenda, ila kikao kisiwe jioni.

Binti wa mama karanga,
Langoni, Lamu