Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: Kurasa za hospitali zituambie kama kliniki ya kesho ipo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Konde, kaskazini ya Pemba, kuhusu namna hospitali zetu zinavyozitumia kurasa zao za Facebook na Instagram, na namna ambavyo zingeweza kutufaa zaidi sisi tunaozifuata.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama yangu kliniki ya macho. Ana kisukari cha miaka mingi, na jicho lake la kushoto limeanza kuona ukungu. Tulitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri na tukaunga gari mbili, mama amejitanda kanga kwa baridi, kitabu chake cha kliniki amekifunga ndani ya leso na kukipakata njia nzima. Tulipofika dirishani tuliambiwa kwamba daktari wa macho amekwenda Unguja kikazi na kliniki imesogezwa wiki mbili mbele. Muuguzi alitueleza kwa upole, na wala simlaumu. Lakini nilipokaa kwenye benchi nikafungua ukurasa wa hospitali ile ile, niliona kuwa jana yake jioni ziliwekwa picha 11 za wageni waliokuja kukabidhi vitanda, na hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu kliniki. Chini ya picha zile mtu ameuliza, "Daktari wa macho kesho yupo?" Hakujibiwa.

Sizipingi picha za vitanda, kwa sababu wananchi tuna haki ya kujua kilichoingia hospitalini kwetu. Ninachosema ni kwamba mgonjwa hufungua ukurasa ule akiwa na shida yake: daktari yupo siku gani, aje na njaa au ale kwanza, dawa yake imefika au bado. Asipopata jibu hulazimika kwenda mwenyewe kuuliza, na safari hiyo ina gharama kubwa kuliko nauli. Mwanamke anayelima mwani akiikosa siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, maji hayamngoji, na kazi ya siku ile imempita.

Kuna sababu nyengine iliyo nzito zaidi. Machi 2024 Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, kilipoteza watu tisa, wanane wao watoto, kwa kula nyama ya kasa yenye sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Onyo la namna hiyo linahitaji kutoka mahali ambapo watu wamekwishazoea kupaamini, na mazoea hayo hayajengwi siku ya msiba. Ukurasa uliokujibu mwezi uliopita kuhusu kliniki ya mama yako ndio utakaouamini siku utakapokwambia usile kitu fulani, au uchemshe maji kwa sababu kipindupindu kimeingia.

Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilianzisha kituo maalumu cha mitandao ya kijamii mwaka 2010. Sisi hatuhitaji kituo. Tunahitaji mtumishi mmoja katika kila hospitali, anayeijua kazi ya uuguzi, ambaye katika orodha ya zamu ameandikiwa muda wa saa mbili kila jioni wa kutangaza kliniki za kesho na kujibu waliouliza. Tangazo hilo liwe pia kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, maana wenye macho mabovu ndio hao hao wanaotafuta kliniki ya macho. Sauti ya nusu dakika huingia kwenye makundi ya WhatsApp ya shehia kabla ya sala ya isha, na wasiokuwa na simu kubwa wanaweza kufikishiwa na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba hadi nyumba chini ya mpango wa Jamii ni Afya.

Naomba pia tahadhari moja, na hili naliomba kwa mkazo. Katika picha zile za vitanda, nyuma ya wageni alionekana mama mmoja amelala, uso wazi, na mtu yeyote wa kijijini kwake angemtambua. Huenda aliombwa ruhusa, lakini mgonjwa aliyelala kitandani, mbele ya daktari wake na viongozi waliosimama, hana nafasi ya kusema hapana. Pemba ni ndogo, na maradhi ya mtu ni siri yake. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akieleza ugonjwa wake hadharani kwenye ukurasa, asijibiwe pale pale mbele ya kila mtu. Apewe namba ya simu ya kitengo au aambiwe aje.

Mheshimiwa, haya yote yanawezekana kwa waraka mmoja kutoka wizarani kwenda kwa wakuu wa hospitali za Unguja na Pemba, na kwa bando la intaneti la mwezi.

Kliniki ya mama imepangwa Jumatano ijayo. Jumanne usiku nitaufungua tena ukurasa ule kabla ya kumwambia aweke kanga zake tayari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkaazi wa Konde, Pemba