Barua ya Malalamiko: Nimesema Hapana Mara 41

Soko la Kibuye,
Kisumu.
Februari

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana au Bibi,

KUH: ARIFA ZA KUTHIBITISHA KUINGIA KWENYE AKAUNTI AMBAZO SIKUZIOMBA

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, nashona sare za shule. Akaunti yangu ya barua pepe na picha kwenu ina miaka 11, na kwa miaka 3 sasa nawalipa shilingi 250 kila mwezi ili picha zangu zipate nafasi. Hilo nalitaja mapema kwa sababu kijana wenu mmoja aliniambia kwamba mtu wa huduma ya bure hana meneja wa kulalamikia. Yangu si ya bure.

Usiku wa Jumapili, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, simu yangu iliwaka saa nane na dakika ishirini. Skrini nzima ilikuwa swali: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Nikabonyeza Hapana, nikalala. Saa nane na nusu likaja tena. Saa tisa kasorobo likaja la tatu. Kufikia adhana ya alfajiri nilikuwa nimeulizwa mara 7, na mara zote 7 nimejibu vilevile.

Usiku wa pili nikaanza kuandika. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu la vipimo una tarehe na saa za arifa zenu, 41 kwa siku 9, na picha yake nimeiambatisha. Katikati mtaona pameandikwa kifua 28, urefu 24. Hicho ni kipimo cha mtoto wa mteja aliyenikuta nikiandika, msikihesabu.

Msifikiri nilikaa tu. Asubuhi ya kwanza nilibadilisha nenosiri, kwa sababu ndivyo ukurasa wenu unavyoshauri mtu akishabonyeza Hapana. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, nikakuta simu yangu na kompyuta ya mwana wa dada yangu, ambayo mimi ndiye niliyeiruhusu. Hakuna mgeni. Nilipouliza kwenye huduma yenu nikaambiwa kwamba arifa zikija, maana yake kuna mtu anayelijua nenosiri langu. Basi nikalibadilisha tena, safari hii nikaandika sentensi nzima ya Kijaluo ambayo hata mume wangu hawezi kuibahatisha. Usiku huo zilikuja 6.

Ni mwana wa dada yangu aliyekigundua kinyume chake. Kijana huyo anasoma mambo ya kompyuta Maseno. Alichukua simu yake, akafungua ukurasa wenu wa kuingia, akaandika namba yangu ya simu tu. Ukurasa ulipomwomba nenosiri, akachagua kujaribu njia nyingine. Papo hapo simu yangu, iliyokuwa juu ya cherehani, ikawaka: je, ni wewe? Hakuwa ameandika nenosiri lolote. Akarudia mara tatu ili nisije nikadhani ni bahati, na mara zote tatu ikawaka.

Hapa ndipo lalamiko langu lilipo, na naomba lisomwe na mtu aliyeichora njia hiyo ya kuingia, lisiachiwe anayejibu simu peke yake. Nilipofungua uthibitishaji wa hatua mbili mlinieleza kwamba hatua ya kwanza ni kitu ninachokijua na ya pili ni kitu nilicho nacho. Mwizi akilipata nenosiri, bado simu iko mkononi mwangu. Hilo nililielewa na nikalipenda. Lakini ninyi mmeifungulia hatua ya pili mlango wake wenyewe, mtu anaifikia bila kupita ya kwanza. Na namba yangu ya simu si siri. Imeandikwa kwa rangi kwenye ubao nje ya kibanda changu, imo kwenye risiti zangu zote, wazazi wa shule nne wanayo. Yeyote kati yao, na yeyote apitaye Kibuye, anaweza kuniamsha saa nane usiku kupitia kwenu.

Nyumbani Manyatta tuna mlinzi wa geti. Mgeni akifika humuuliza anamtafuta nani na kwa shauri gani, ndipo aje kugonga kwangu. Kama angekuwa anakuja kugonga kila mtu anapogusa geti, tungemwachisha kazi kabla ya mwisho wa mwezi, na asubuhi moja kati ya hizo mmoja wetu angesema kwa usingizi, “Mwache tu aingie.”

Maana hilo ndilo linalonitia hofu kuliko kero yenyewe. Kitufe chenu cha Ndiyo ni kikubwa, cha samawati, kimejaa. Hapana ni maandishi membamba chini yake. Mjukuu wangu wa miaka 4 hupenda kutazama katuni kwenye simu hii nikiwa nashona, na siku ya tano ya mkasa huu arifa iliifunika katuni yake. Mtoto hajui kusoma. Anachojua ni kwamba kitu cha rangi kikibonyezwa katuni hurudi. Niliinyakua simu kidole chake kikiwa njiani. Akalia mpaka mama wa kibanda cha jirani akaja kuuliza nimempiga kwa nini.

Kuhusu mahali mnapopaonyesha kwenye arifa, “karibu na Nairobi”, nawaomba mpaondoe au mparekebishe. Mwanzoni palinipa picha ya jambazi fulani wa Nairobi. Kisha nikaingia mimi mwenyewe, kwa bando la simu yangu, nikiwa nimekaa hapa hapa sokoni, na mkaniandikia Nairobi vilevile. Mwana wa dada yangu akanieleza kwamba intaneti ya simu mara nyingi huonekana imetokea pale mtambo wa kampuni ya simu ulipo, si pale mteja alipo. Kama ni hivyo, neno hilo halinisaidii kumtambua mwizi wala kujitambua mwenyewe.

Siku ya sita nikapigiwa simu, saa kumi alasiri. Mwanamume, Kiswahili laini cha ofisini, akaniita madam. Akasema ni wa kampuni yenu, kitengo cha usalama, na kwamba wameona akaunti yangu inashambuliwa. Akaniambia, “Madam, nakutumia ombi moja la mwisho. Likubali, ndipo mfumo uyazuie hayo mengine yote.” Nikamjibu, “Mwanangu, kama kweli uko ndani ya kampuni, yazuie huko huko uliko.” Akakata. Baada ya dakika mbili swali lenu likatokea kwenye skrini, na ndilo namba 27 katika daftari langu. Namba iliyonipigia nimeiandika kwenye kiambatisho.

Mchezo huu si mgeni kwenu. Mwezi wa Septemba 2022 kampuni ya Uber, hawa wa teksi, iliingiliwa namna hiyo. Mtu alikuwa na nenosiri la mfanyakazi wa mkataba, akamtumia maombi ya kuthibitisha moja baada ya jingine mpaka mwenyewe akakubali moja. Mvamizi alijigamba kwamba alimwandikia pia kwa WhatsApp akijifanya ni wa idara ya kompyuta. Ikiwa aliyeajiriwa kwenye kampuni kubwa ya teknolojia alichoka akabonyeza, mnatarajia nini kwa mama aliyelala saa sita akitia vifungo?

Dawa nayo haikosekani. Microsoft, kwenye programu yao ya kuthibitisha, tangu Mei 2023 hawamwachi mtu wa akaunti ya kazini au shuleni abonyeze Ndiyo tu. Ukurasa anaoingilia humwonyesha namba, naye lazima aiandike namba hiyo kwenye simu. Asiyeuona ukurasa huo hana cha kuandika, kwa hiyo usingizi wangu na vidole vya mjukuu wangu havimsaidii mwizi. Mimi si mtaalamu, lakini kushona kumenifundisha kumtambua fundi anayekwepa mshono anaoujua.

Sasa nifike kwenye hasara. Siku ya nane, Jumatatu ya kufungua shule, mliifunga akaunti yangu kwa saa 48 mkisema mmeona shughuli zisizo za kawaida. Shughuli zenyewe zilikuwa ni mimi kukataa. Ndani ya akaunti hiyo kuna picha za nembo za shule, sampuli za rangi za sweta, na orodha za vipimo ambazo wazazi hunitumia kwa barua pepe. Nilikuwa na sare za watoto 34 wa shule moja zilizobaki kukatwa tu. Siku mbili nilikaa mbele ya ovaloki bila kujua mtoto gani ni kifua 26 na yupi ni 30. Jumatano wazazi 19 kati yao walikuwa wameshanunua sare za dukani mjini, na kitambaa walichokilipia nusu bado kiko hapa kwenye rafu. Sina haja ya kuwatajia rangi yake. Ni rangi ambayo hakuna shule nyingine inayoivaa.

Ili nifunguliwe, roboti yenu ya kujibu maswali iliniambia nithibitishe kuwa ni mimi kwa kubonyeza Ndiyo kwenye arifa itakayokuja. Nikaisoma mara mbili. Wiki nzima mnanionya nisibonyeze, kisha ufunguo wa kutokea ni kubonyeza. Nikaomba kuzungumza na binadamu. Roboti ikanijibu kwa Kiingereza, ingawa nilikuwa nimeandika Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakiita lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Binadamu nilimpata kwenye duka la wakala wenu mjini. Alikuwa na heshima, sina ubaya naye. Ila ushauri wake ulikuwa nizime uthibitishaji wote, “halafu utapumzika, mama.” Nilipokataa, akasema basi nipokee tarakimu kwa ujumbe mfupi. Hapa Kenya nani hajasikia habari ya mtu aliyeamka laini yake ikiwa imehamishiwa kwenye kadi ya mwizi, na jumbe zote zikaenda huko? Mwana wa dada yangu alinifungulia programu inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, hata pasipo mtandao, na hiyo inanifaa sana. Tatizo ni kwamba kwenye mipangilio yenu nimeruhusiwa kuiongeza, sikuruhusiwa kuliondoa swali la Ndiyo na Hapana. Linabaki la kwanza nikipenda nisipende.

Ninachotaka ni hiki. Swali lile lisitumwe kwenye simu yangu mpaka anayeingia awe ameandika nenosiri sahihi. Nikishasema Hapana mara mbili mfululizo, maombi yanayotoka kwenye kifaa kile yakome, na aadhibiwe yule anayegonga badala ya kufungiwa mimi ninayegongewa. Mnipe namna ya kuliondoa kabisa swali hilo na kubaki na tarakimu zangu 6. Kama mtaliacha, basi liwe la kuandika namba, na Ndiyo isiwe imepambwa kuliko Hapana.

Vilevile, naomba nakala ya kumbukumbu mlizo nazo za majaribio yote ya kuingia kwenye akaunti yangu mwezi wa Januari: saa, aina ya kifaa, na njia iliyotumika. Hilo si ombi la hisani. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinanipa haki ya kuziona taarifa zangu zilizo mikononi mwenu, na kanuni za 2021 zimewapa siku 7 za kulitimiza ombi kama hili. Zikipita, nitapeleka barua hii pamoja na daftari langu kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria hiyo hiyo inamtaka amalize lalamiko ndani ya siku 90. Daftari atalirudisha, bado nalitumia.

Kuhusu pesa, sitawadai sare 19, kwa sababu najua mtaniuliza risiti ya mzazi ambaye hakununua. Nirudishieni shilingi 250 za mwezi wa Januari. Ni bei ya ugali, mboga na omena hapa, na sijali. Mliifunga akaunti niliyoilipia, basi mwezi huo haukuwa wenu.

Jibu lenu naomba lije kwa karatasi kupitia duka la wakala wenu mjini, au mnipigie mchana, baada ya saa tatu asubuhi. Atakayepiga ataje kwanza maneno matatu ya mwanzo wa ukurasa wa pili wa kiambatisho, ndipo nimjue ametoka kwenu. Msinitumie kiungo cha kufungua jibu, na mtu asiniambie nibonyeze Ndiyo.

Wenu mwaminifu,

Fundi wa sare, Kibuye.

Viambatisho: picha ya ukurasa wa daftari la vipimo, maelezo ya simu niliyopigiwa siku ya sita, picha ya ujumbe wa kufungiwa akaunti.